Mitamba Kumi na Mmoja

Bi Tatu wa Kabuku, yule anayeuza machungwa pale mabasi yanapopunguza mwendo, aliapa kwa Mungu wake kwamba rubani alishuka kwenye basi kama mzigo uliokosa mwenyewe. Alishuka na sare zake zote, alisema, kofia kichwani, mistari ya dhahabu mabegani, na abiria wakatoa vichwa madirishani kumtazama. Akasimama kando ya lami, akaangalia mbinguni kama mtu aliyesahau kitu huko. Halafu akaja moja kwa moja kwenye beseni, akashika chungwa, akauliza bei, akalirudisha, akashika jingine dogo, akasema, "Mama, nipunguzie."

"Nipunguzie!" Bi Tatu alijipiga kofi pajani. "Mtu anayerusha ndege anataka kupunguziwa chungwa! Nikamwambia, baba, hapa ukubwa wa mtu hauteremshi bei. Akacheka. Lakini kicheko chenyewe, mwanangu, kama cha mtu anayeng'olewa jino."

"Siku gani hiyo, bibi?" Naitoi aliuliza.

"Juzi. Wala hajapita, yuko hapa hapa. Kapanga gesti ile ya nyuma ya mashine ya kusaga, siku mbili sasa. Watu wanasema ndege imemshinda. Kaichubua ubavu huko uwanjani, wazungu wakamvua kofia."

"Si umesema alishuka na kofia kichwani?"

Bi Tatu alimtazama kwa hasira kidogo. "Wewe mtoto wa Kimasai, unasikiliza sana. Hebu shika chungwa hili unyamaze."

Naitoi alilipokea kwa mikono miwili, akanyamaza. Habari ya sare hakuiamini, maana kaka yake Ezra hakuwahi kuja nyumbani na sare tangu aanze kazi. Alikuwa akisema sare ni ya ndege, si ya vumbi. Ya ndege kuchubuka nayo hakuiamini. Ile ya kupunguziwa chungwa aliiamini palepale, na ikamkaa kifuani asijue aiweke wapi.

Alikuwa amekuja Kabuku kuchaji simu. Simu ilikuwa ya baba yake, mzee Kimaren, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, na Naitoi, aliyemaliza darasa la saba, ndiye aliyekuwa macho ya simu hiyo. Ujumbe ukiingia, alifuatwa boma la pili, kwa baba mkwe wake, mzee Lomayani, alikoolewa, aje asome. Alisoma habari za kanisa, za matanga, za mnada. Alisoma na za Ezra.

Na hapo ndipo palipokuwa na kosa lake.

Miaka kumi na mbili nyuma, Ezra alipomaliza masomo yake Korogwe na alama ambazo mwalimu alizileta mwenyewe kwa pikipiki, kanisa lilisema litamlipia nusu ya chuo cha urubani. Nusu ya pili ilikuwa ya kwao. Mzee Kimaren aliuza ng'ombe wake mpaka zizi likabaki na mwangwi. Pesa hazikutosha. Ndipo wanaume kumi na mmoja wa maboma ya jirani walipokuja, kila mmoja na mtamba. Si dume la kuchinja, si jike lililozeeka. Mtamba, ambaye ni kesho ya mtu. Na kwa Wamasai mtu akikupa mtamba, jina lako na lake yanakufa siku hiyo. Yeye atakuita Patawuo, nawe utamwita Patawuo, yaani wewe na mimi tumepeana mtamba, mpaka mmoja wenu afukiwe. Hakuna anayedai. Mtamba hadaiwi. Ila akikuita kwa jina hilo akiwa na shida, huna mdomo wa kukataa.

Siku ile mitamba walipopelekwa mnadani wote kwa pamoja, mzee Lomayani alinung'unika peke yake. "Mtamba akizaa kwako, jina linapata miguu ya kutembelea," alimwambia Ezra. "Wewe unamuuza hajazaa. Basi Patawuo, wewe mwenyewe ndiye utakayezaa." Watu wakacheka sana.

Na Ezra alizaa. Miaka minane alizaa. Dawa za kuogesha ng'ombe, bati za mzee Lomayani, mguu wa huyu uliovunjika, mtoto wa yule aliyetakiwa shule. Simu ikilia na sauti ikisema "Patawuo," alikuwa akiitika hata kama yuko njiani kuelekea kwenye ndege.

Halafu, mwaka huu, ujumbe ukaja kwa Naitoi. *Kampuni imefilisika. Wametukata mshahara. Usimwambie baba.* Mzee Kimaren alikuwa ameketi mbele yake, kichwa kimeinama upande, anasubiri. Naitoi akasoma kwa sauti, "Anakusalimia. Anasema kazi ni nyingi." Mzee akatabasamu, akasema mwambie asisahau kula.

Huo ulikuwa uongo mdogo, wa kumfunika mtu. Wa pili haukuwa mdogo. Kiangazi kilipokaza na majani yakaisha mpaka mizizi, mzee Lomayani alikuja kwa mzee Kimaren akasema, "Mwandikie Patawuo. Nina ng'ombe kumi na wanne. Nahitaji pumba, wavuke mpaka vuli." Naitoi akaandika kila neno. Kisha akaukazia macho ujumbe ule, akajua kaka yake hana, na akajua vilevile kwamba hana mdomo wa kukataa. Hakuutuma. Siku ya kwanza baba akauliza, amejibu? Bado. Ya pili, bado. Siku ya nne mzee Lomayani mwenyewe alikuwa pale, amesimama mguu mmoja, fimbo kwapani, na Naitoi akasikia ulimi wake ukisema, "Amejibu. Anasema pumba inakuja. Magunia ishirini, kutoka mashine za Korogwe."

Alidhani mvua itawahi. Watu wote walikuwa wakisema mvua itawahi.

Wiki ileile Frank, mchinjaji wa Korogwe, alifika na Fuso akinunua ng'ombe kabla hawajakonda. Wenye maboma wengi waliuza, shingo upande. Mzee Lomayani alimpa Frank maji ya kunywa akamwambia aende salama. "Mimi Patawuo wangu ameshasema," alisema, na Naitoi alikuwa pale, mtoto mgongoni, anasikia.

Sasa ng'ombe kumi na wanne walikuwa sita.

*

Alimkuta Ezra ameketi kwenye ngazi ya gesti, fulana nyeupe, suruali ya sare imekunjwa mpaka chini ya goti, miguuni kandambili zilizoandikwa namba ya chumba kwa rangi nyekundu. Ganda la chungwa lilikuwa pembeni yake, limemenywa bila kukatika.

"Kofia iko wapi?" Naitoi alisema. "Bi Tatu anasema ulishuka nayo kichwani."

"Bi Tatu angeniona uchi angesema nimevaa suti." Alisogea kumpisha akae. "Iko ndani, kwenye mfuko wa salfeti. Hujambo, mdogo wangu? Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Umegonga ndege?"

"Nani kasema?"

"Kabuku nzima."

"Ningegonga ingekuwa afadhali. Mtu ukikosea unaulizwa, unajibu, unafungwa au unaachiwa. Mimi sijakosea kitu, Naitoi. Ndiyo maana hata pa kuombea msamaha sina."

Akamweleza. Kampuni ilishindwa kuwalipa waliowakodisha ndege. Mahakama ikaweka mtu wa kuisimamia, bwana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, naye akawaita marubani wote ukumbini, ishirini na tisa, akasema kampuni ni mgonjwa, na kila mmoja akubali kukatwa theluthi ya mshahara ili mgonjwa apone. Kapteni Benedicto, aliyerusha ndege miaka ishirini na sita, alinyoosha mkono akauliza, "Na mafuta ya ndege mtayakata theluthi?" Ukumbi ukacheka. Yule bwana hakucheka, alisubiri wamalize, akagawa karatasi.

"Tukatoka nje, tukashikana mikono kwamba hakuna atakayesaini," Ezra alisema. "Kufika alasiri, kumi na wanane walikuwa wameshapita mlango wa nyuma."

"Wewe?"

"Mimi wa kumi na tisa."

Ikaja karatasi ya pili, nusu. Hiyo hawakushikana mikono, walipanga foleni. Kisha wenye ndege wakaja kuchukua ndege zao, zikabaki mbili, na karatasi ya tatu ikasema hakuna mshahara tena, atakayeruka atalipwa kwa safari. Safari ziligawiwa kwa wenye mvi. Ezra hajaruka miezi mitano. Na rubani asiyeruka, leseni yake inaoza kama nyama. Kila miezi sita lazima akafanyiwe mtihani kwenye chombo kinachoigiza ndege huko nje ya nchi, kampuni ilikuwa inalipa, sasa hailipi, na wake unaisha mwisho wa mwezi. Hata Benedicto na mvi zake anafuga kuku Kibaha. Mke na watoto Ezra amewarudisha kwa wakwe.

"Nimefika mpaka Korogwe," alisema. "Ile shule ya binafsi ya njia ya kwenda Magoma. Nikaomba kufundisha fizikia. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri sana, akaomba nipige picha na wanafunzi. Nikavaa kofia, tukapiga. Halafu akaniuliza cheti cha ualimu."

"Hakukupa kazi."

"Picha ataibandika ofisini, ameniahidi."

Naitoi alitaka kucheka, ikashindikana. "Siku mbili uko hapa. Kwa nini huji nyumbani?"

Ezra aliokota ganda la chungwa, akaanza kulirudisha duara kama lilivyokuwa. "Nikifika wataniita," alisema. "Wazee wale. Wataniita lile jina, na itabidi niitike."

Hapo ndipo Naitoi alipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: kaka, kuna pumba niliyoahidi kwa jina lako. Lakini Ezra alikwisha kusimama, anasema haya basi, aibu haikai gesti bure, kesho watanidai chumba. Akaingia kuchukua salfeti yake.

Walipanda pikipiki moja, dereva mbele, Ezra katikati, Naitoi nyuma, na mambo ya namna ile huwezi kuyasema mgongoni mwa mtu na dereva ametega sikio. Mchanga ulipozidi waliteremka wakatembea. Akasema moyoni, tukifika kwenye ule mgunga mkubwa nitasema. Walipofika kwenye mgunga kulikuwa na mzoga chini yake, ngozi imegandia mbavu.

"Wa nani?" Ezra aliuliza.

"Wa kwetu."

"Wamebaki wangapi?"

"Sita. Walikuwa kumi na wanne."

"Lakini mzee Lomayani ni mtu wa akili. Kwa nini hakuuza mapema?"

"Frank alikuja. Alimkatalia."

"Alikuwa anasubiri nini?"

Naitoi alitazama mbele, kwenye moshi wa boma la baba yake. "Mvua," alisema.

*

Habari za rubani kufika zilitembea haraka kuliko rubani. Kabla jua halijaegemea, wazee walikuwa wameshakusanyika kwenye kivuli cha ukuta wa boma la mzee Kimaren. Wale kumi na mmoja, watatu walikuwa wameshazikwa, wawili wamehamia Kiteto. Sita walikuja na vigoda vyao. Ezra alipita akiinamisha kichwa kwa kila mmoja, nao wakamgusa utosini kama mtoto, ila midomo yao ilisema kilekile alichokikimbia siku mbili.

"Patawuo."

"Patawuo," aliitika.

"Patawuo."

"Patawuo."

Mara sita. Naitoi alihesabu akiwa na birika mkononi. Chai ilikuwa ya rangi. Kumpa mgeni chai isiyo na maziwa kwenye boma la wafugaji ni kumpokea umevaa gunia, lakini siku hizi wote walikuwa wamevaa gunia, na hakuna aliyetazama kikombe cha mwenzake.

"Patawuo, umekonda," mzee Lomayani alianza. Alikuwa mrefu hata akiketi. "Huko juu nako majani yameisha?"

Wakacheka, na Ezra akacheka. Mzee Kimaren alicheka kuliko wote. Alikuwa amevaa shuka jipya.

"Nimesikia harufu ya sabuni tangu umeingia," mzee Lomayani aliendelea, "nikasema nivute pumzi vizuri. Harufu ya pumba siisikii. Gari liko nyuma?"

Ezra alimgeukia baba yake. "Pumba gani?"

"Ile uliyoandika," mzee Kimaren alisema. "Naitoi alinisomea hapa hapa, Patawuo wako yuko. Magunia ishirini, kutoka Korogwe. Au umesahau? Kazi ni nyingi, anaweza kuwa amesahau," akawaambia wenzake.

Birika lilikuwa zito. Naitoi hakuweza kulitua wala kulishika sawasawa. Ezra aliinua macho yakapita juu ya vichwa vya wazee yakamkuta, na akakaa naye hivyo kwa muda wa mtu kumeza mate. Naitoi akamwona akielewa. Alimwona akiliunganisha lile gari la Frank, na mzoga chini ya mgunga, na neno mvua.

Naitoi akafungua mdomo aseme, ni mimi.

"Niliandika," Ezra alisema. "Ndiyo. Niliandika nikidhani nitaweza."

Hakuna aliyecheka sasa. Mzee Lomayani aliweka kikombe chini ya kigoda, taratibu.

"Eleza," alisema.

Ezra akaeleza. Habari ya kampuni, ya mahakama, ya karatasi tatu. Wazee walisikiliza kama wanavyosikiliza kesi ya mipaka, bila kumkata.

"Hizo ndege ni za nani?" mzee Lomayani aliuliza.

"Za kukodi."

"Yaani mlikuwa mnachunga ng'ombe wa mtu."

"Ndiyo."

"Na mwenyewe kawachukua."

"Kawachukua."

"Na nyinyi wachungaji mmeambiwa mkubali nusu ya ujira kwa kuchunga zizi tupu."

"Tulikubali," Ezra alisema. "Hata hiyo nusu haipo tena."

"Na mlikubali," mzee alirudia, siyo kwa dharau, kwa mshangao tu, kama mtu anayejaribu uzito wa kitu mkononi.

Ezra akasimama. Kwa wazee mtu hasimami wakati wengine wameketi ila ana jambo. Akavua kofia ambayo hakuivaa. Mkono ulikwenda kichwani wenyewe, ukakuta nywele, ukashuka.

"Wazee wangu," alisema, "mitamba wenu siwezi kuwarudisha, na najua mtamba harudishwi. Sikuja na kitu. Nina neno moja la kuomba. Tangu leo naomba mniite Ezra."

Mzee Kimaren alitoa sauti ndogo kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Mkiniita lile jina, naitika," Ezra aliendelea. "Siwezi kuacha kuitika. Na kila nikiitika mkono mtupu, nakuwa mwizi mbele ya macho yenu, mara sita kwa siku moja. Simu zenu nimeacha kuzipokea miezi mitatu kwa sababu ya jina hilo. Niacheni niwe mtoto wa Kimaren tu. Ezra. Mtoto asiye na kitu. Huyo namweza."

Inzi walikuwa kwenye vikombe. Mzee mmoja alikohoa, mwingine akachora mstari mchangani kwa fimbo akaufuta kwa kisigino. Wote walimtazama mzee Lomayani, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza, na alikwisha kulipoteza. Naye alikuwa anatazama upande wa zizi lake, mahali ambapo kwa saa ile ng'ombe wanaporudi vumbi huwa linasimama refu, na leo halikufika hata kimo cha uzio.

"Wanaingia," alisema. Akachukua kigoda chake, akaenda. Wengine wakachukua vyao.

*

"Kwa nini ulikubali?" Naitoi alimfuata kaka yake mpaka penye lango. "Nilikuwa nasema. Mdomo ulikuwa wazi, nilikuwa nasema."

"Niliuona."

"Sikuutuma hata ujumbe wenyewe. Haukufika kwako. Wewe huna kosa, Ezra. Nitakwenda nimwambie baba mkwe sasa hivi."

"Ukamwambie, halafu ulale wapi?" Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wewe unaishi kwake. Unampelekea maji ya kunawa kila asubuhi. Mimi nitapanda basi. Aibu moja inatosha kubebwa na mtu mmoja, na mimi tayari nimeshaizoea mgongoni."

"Ulikuwa na haki ya kusema hukujua."

"Ungenitumia, ningejibu nini?"

Naitoi alishika nguzo ya lango.

"Ningejibu vilevile," Ezra alisema. "Pumba inakuja, magunia ishirini. Ningeandika hivyo hivyo, Naitoi. Ulinijua tu vizuri."

Aliondoka akarudi kwa baba yao. Mzee Kimaren alikuwa bado ameketi ukutani na shuka lake jipya, amekigeuza kikombe juu chini.

*

Asubuhi Narok hakusimama.

Alikuwa ng'ombe jike mweusi, aliyekabidhiwa Naitoi siku alipoolewa, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mtoto Nemayian mpaka akaota meno. Sasa maziwa yalikuwa yamekauka mwezi mzima, lakini kila asubuhi Naitoi alikwenda kumshika chuchu, mazoea tu, au kumfariji. Leo alimkuta amelala ubavu, shingo imenyooka mchangani.

Kiangazi kikiwa kibaya ng'ombe hawafi kwa kulala, wanakufa kwa kutoinuka. Akiinuliwa anaweza kutembea, akala hata jani moja, akaishi siku hiyo. Kwa hiyo kila asubuhi maboma huamka na kazi hiyohiyo: miti miwili inapitishwa chini ya tumbo, wawili huku, wawili huku, mmoja pembeni ya pembe, mmoja mkiani. Mume wa Naitoi alikuwa mbali, amehamia Pangani na mbuzi kutafuta majani. Mzee Lomayani aliita, na jirani zake wanne wakaja na miti.

Na Ezra akaja. Alikuja peke yake kutoka boma la baba yake, na ile suruali ya sare, na hakuna aliyemwita wala aliyemzuia. Akaenda akashika mkia, kwani ndio ulikuwa hauna mtu.

Mzee Lomayani alikuwa penye pembe. Akahesabu. Wakainua. Narok alipanda kama kitu kisicho na viungo, miguu ikaburuzika, ikakanyaga, ikashika. Akasimama. Akatetemeka kuanzia mapaja mpaka kwenye nundu. Naitoi alimwekea mkono ubavuni akasema maneno ambayo humwambia mtoto. Kisha magoti ya mbele yakaenda, akashuka taratibu, bila kelele, miti ikawaponyoka mikononi.

"Tena," mzee Lomayani alisema.

Wakainua tena. Safari hii hakukanyaga kabisa. Wakamshusha. Wanaume walisimama wakihema, mikono kiunoni, jasho linawaingia machoni.

"Mzee," Ezra alisema kutoka mkiani.

Mzee Lomayani alikuwa amechuchumaa, anapangusa mchanga kwenye jicho la ng'ombe kwa pindo la shuka.

"Mzee, jana niliomba neno."

Mzee alimaliza jicho la kwanza. Akageuza kichwa cha Narok kidogo, apanguse la pili.

Naitoi aliwatazama wote wawili, ng'ombe wake amelala katikati yao. Alikuwa na la kusema. Akatazama mikono ya kaka yake. Ilikuwa imeushika ule mkia barabara, vidole vimekuwa vyeupe, mikono iliyofundishwa kwa mitamba kumi na mmoja. Hakuwa ameuachia hata walipopumzika.

"Hata leo tu," Ezra alisema. "Niite Ezra, hata mara moja. Nisikie."

Mzee Lomayani alisimama, magoti yakamlia. Akaenda upande wa tumbo, akainama, akapapasa chini ya mbavu za Narok akitafuta mahali pa kupitisha mti.